Sanduku Ambalo Sikulisoma

Wenzangu mnaolipokea gari,

Watu wengine hustaafu wakiwa na mvi, fimbo, na jino moja la kutafunia nyama. Mimi nastaafu na meno yangu yote, na mtaro naruka. Limekuja gari jipya lenye kinasa sauti. Tangazo linafika kutoka mkoani likiwa limeshasemwa, na kazi yenu ninyi wawili ni kubonyeza kitufe na kungoja liishe. Mtangazaji wa mdomo hana tena pa kukaa humo ndani. Nilipoambiwa nilienda nyuma ya stoo nikalia kidogo. Kisha nikakumbuka yote niliyoyaona nikiwa kwenye lile gari bovu, nikaanza kucheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepata mchumba.

Basi kabla sijafunga mzigo kurudi kwetu Robanda, nimeomba karatasi niwaandikie. Vyeo nitaviruka kwa sababu sikupata, na mshahara mnaujua. Nitaandika kazi yenyewe, hasa ule uchaguzi wa jembe na nyumba. Wakati ule ninyi mlikuwa bado shuleni, na najua mtasimuliwa uongo mwingi.

Mimi naitwa Wakuru. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaishia hapo. Sauti hii sikufundishwa na mwalimu, nilifundishwa na pundamilia. Shamba letu la mtama liko mwisho wa kijiji, ukivuka kijito umeshaingia kwa wanyama, na wao mpaka hawaujui. Tangu nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kupanda juu ya kichuguu na kuwafukuza kwa mdomo na debe. Pundamilia ukimpigia kelele za woga anakutazama tu huku anatafuna. Inabidi umwambie kitu kwa uzito, kama mtu mnayedaiana heshima. Nyati yeye usimwambie lolote, shuka ukimbie. Siku moja gari la habari lilipita kwetu kutangaza chanjo ya ng'ombe, mtangazaji wake akiwa amekauka koo kabisa. Akauliza kama kuna mtu anayeweza kusema kwa nguvu. Kijiji kizima kikanigeukia. Nikatangaza chanjo, na nadhani hata pundamilia wa mbali walisikia. Yule mtangazaji alikuwa amechoka na vumbi siku nyingi, akaenda kunisemea ofisini, nikaitwa Tarime.

Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la kanisani. Mzee Odera, dereva na fundi, mtu wa kandokando ya ziwa, alinitazama juu mpaka chini akauliza kama nimekuja kuolewa au kufanya kazi. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, shika hii, akanipa betri ya gari. Nilidhani nimepewa ndama. Tindikali yake ikanitoboa gauni pale tumboni.

"Sasa umeajiriwa," akasema.

Kila ninachokijua kuhusu kazi hii nilikipata kwake, tena bila kusifiwa hata siku moja. Kipaza sauti kishikeni umbali wa ngumi moja kutoka mdomoni, mkikimeza kitapiga mluzi. Upepo ukivuma kifungeni leso. Msinywe maziwa ya mgando kabla ya kutangaza. Tangazo la msiba lisisemwe kwa sauti ya tangazo la chanjo, na mtoto akipotea mnadani anzeni kwa kuchungulia chini ya gari lenu wenyewe, maana huko ndiko kwenye kivuli. Na mkiwa katika milima ya huku, semeni sentensi moja, muungoje mlima uirudishe, ndipo mseme ya pili. Mkikimbilia, maneno yenu yatakutana njiani yagombane. Jambo hili nilikuwa nalipenda mno. Asubuhi nilikuwa nasema "moja, mbili" mara nyingi kuliko inavyotakiwa ili tu nisikie mlima ukinijibu. Mzee Odera akawa ananiambia mlima nao una kazi zake.

Ndipo ukaja uchaguzi.

Mwaka ule wagombea ubunge walikuwa wawili, wote wa Chama, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Majina yao siyaandiki. Kwa jinsi watu walivyowaita Bwana Jembe na Bwana Nyumba, nafikiri hata wake zao walishaanza kuyasahau. Juu, kwenye maneno, wote wawili walikuwa ndugu wa Chama kimoja. Chini huku Bwana Nyumba alikuwa amezaliwa upande huu wa mto unaoigawa wilaya na Bwana Jembe ng'ambo, na hilo peke yake lilitosha. Watu walioogesha ng'ombe pamoja kwenye josho moja miaka yote wakaanza kupishana siku. Mama muuza udaga wa muhogo akawa anauliza kwanza mteja ni wa wapi, ndipo anashika kipimo. Mwenye kilabu cha pombe alipanga mabenchi mawili yakapeana mgongo, na akaniapia kwamba hajawahi kuuza vizuri hivyo.

Kazi yetu ilikuwa kuwabeba wagombea wote wawili katika gari moja, waseme kwa zamu, muda sawa, na mimi nitangulie kuwatambulisha kwa maneno yale yale. Moyo wangu ulikuwa unaruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Kila kilima kilijaa watu, na watu wote wanamngoja nani? Wakuru wa Robanda.

Lakini mnajua mwanzo wa lawama ulikuwa nini? Matope. Mchoraji wa wilaya alikuwa ametuchorea jembe kwenye mlango wa kulia na nyumba kwenye mlango wa kushoto, safi kabisa. Tukapita njia ya Nyanungu mvua imenyesha, gurudumu la kushoto likazama, tukafika mkutanoni nyumba haionekani, jembe linang'aa. Watu wa nyumba wakasema tumeizika. Nikashuka na kitambaa nikaifuta mpaka ikameremeta. Watu wa jembe wakasema, aha, mmemwona, ya wenzetu anaifuta kwa upendo. Mkutano uliofuata tukasimamisha gari ubavu mmoja ukiwaelekea watu, basi waliouona mlango wa jembe tu wakashangilia na wengine wakataka gari ligeuzwe. Likigeuzwa, wa kwanza wanataka ligeuzwe tena. Gari likacheza pale kama ng'ombe anayefukuza nzi. Mzee Odera ndiye aliyetuokoa. Tangu siku hiyo alikuwa anawaelekezea watu pua ya gari, na kila tukikaribia kijiji anasimama, anashuka na ndoo, anafuta mlango mmoja, anahamia wa pili, kwa muda ule ule.

Haikuishia hapo. Walisema baada ya Bwana Nyumba nilipiga santuri ya kuchezeka na baada ya Bwana Jembe nikapiga ya kwaya. Tukaacha santuri. Walisema nikitamka jembe natabasamu. Nikaanza kutambulisha nikiwa nimejificha ndani ya gari, sura isionekane. Wakasema sasa anacheka huko ndani. Jioni moja nilimwambia Mzee Odera kwamba mimi ni mtu wa Robanda, jembe lishinde au nyumba ishinde, kwetu nyati atakula mtama vile vile, kwa nini hawaniamini? Akasema, "Nyathina, mtu anayepigiwa kelele na kila upande, angalau yuko katikati." Nyathina kwa lugha ya kwao ni mwanangu. Nililala nimefurahi.

Hofu ya pili ilikuwa nzito zaidi. Juu ya gari tulikuwa na zile spika mbili za mdomo mpana kama ua la boga. Ukiitazama moja vizuri, inafanana na sikio. Kukazuka maneno kwamba gari likinyamaza ndipo linaposikiliza, na kwamba siku ya kura litakaa karibu na shule, linase hata mtu anavyopumua pazia likifungwa, na bomani watajua nani kaweka alama wapi. Watu wakipita karibu yetu wakawa wananong'ona. Wapo waliopita kimya kabisa wakiongea kwa mikono. Nilieleza mpaka koo likauma kwamba kitu kile ni cha kusemea tu. Mzee mmoja akanijibu kwa upole kwamba hata mdomo wake yeye ni wa kusemea, lakini una masikio jirani.

Ofisi nayo ilikuwa imechoka na lawama. Ndugu Afisa wetu wa Habari, kijana msomi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, akapata wazo. Kura zikishahesabiwa, gari lipite kila kijiji na kila kijiji kisomewe sanduku lake lenyewe. Alisema watu wakisikia kura walizoziweka kwa mikono yao zikiwarudia, jembe ngapi, nyumba ngapi, nani tena atasema gari linapendelea? Niliona ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Niliona vijiji vyote vimekaa kimya vinanisikiliza, kila kimoja kinangoja chake. Tukalitangaza kila mahali, na kila mahali watu wakapiga makofi.

Katika kijiji kimoja hawakupiga makofi tu, walisimama. Jina la kijiji naliacha, kiko upande huu wa mto, upande wa nyumba, na watu wake ni wa ukoo mmoja tangu bondeni mpaka juu. Balozi wa nyumba kumi pale aliitwa Mwita, mtu mrefu wa maneno machache. Mlima wa pale ndio wenye sauti nzuri kupita yote ya wilaya, kwa hiyo nilikipenda kijiji hicho.

Siku mbili tatu kabla ya kura tulilala hapo. Asubuhi nikaenda mtoni kuteka maji ya rejeta. Mwanamke kijana akaja na masufuria yake, mtoto mgongoni na mwingine ameshika khanga, akaanza kusugua sufuria ambalo lilikuwa tayari safi. Akauliza bila kunitazama.

"Dada, lile sikio linasikia mpaka huku?"

Nikamwambia halisikii hata pale lilipo. Akasugua tena. Jina lake Bhoke, mke wa mdogo wake Mwita, na ameolewa kutoka ng'ambo. Akanieleza polepole. Mwita alikuwa amewaita watu akawaambia kwamba sanduku la kijiji litoke nyumba tupu. Jembe hata moja likionekana, hakuna haja ya kuuliza, linajulikana limetoka mkono wa nani. Hakutaja mtu. Ila watu wote waliangalia chini, na Bhoke anajua watu wanapoangalia chini wanamwangalia nani, maana ndiye bibi harusi wa karibuni na kaka zake ng'ambo ndio waliokuwa wanapiga ngoma za Bwana Jembe.

Nilitaka kumwambia kura ni siri, kama tulivyokuwa tunatangaza. Akanitangulia.

"Hata nikiweka nyumba, dada, mwenzangu mmoja akiweka jembe, ni mimi. Watadai ng'ombe wao. Mimi nitavuka mto, na hawa watabaki." Akamgusa mguu yule wa mgongoni. "Na mimi nilitaka kuweka..."

Niliziba masikio yangu kwa mikono yote miwili, kopo la maji likaanguka likaenda na mto. Tukalikimbiza. Tulipolipata tulikuwa tumelowa wote na yule mtoto aliyeshika khanga anacheka. Bhoke naye akacheka kidogo. Ndipo akasema neno alilolijia.

"Usisome."

Nilirudi kwenye gari na kopo nusu. Njia nzima nilikuwa nafikiri. Tulikuwa tumehangaika na sikio juu ya paa, kumbe lenye kumfichua mtu ni hili tangazo letu zuri. Mahali ambapo watu wote ni wa upande mmoja, ukisoma sanduku lao ni kama umemnyooshea kidole yule mmoja.

Kesho yake nikaenda kwa Ndugu Afisa. Sikumtaja mtu wala kijiji, nikamweleza hatari tu, nikaomba mahali pa namna hiyo tusome hesabu ya kata nzima. Alisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Akasema tumeshatangaza kote. Tukisoma sanduku kwa watu hawa tukawanyima wale, waliosomewa watasema tumewaanika, walionyimwa watasema tumewaficha, na gari halitapita tena njia yoyote ya wilaya hii bila mawe. Akapanga kalamu zake mezani, akazirudisha mfukoni.

"Ni mtu mmoja, Wakuru. Katika wilaya nzima."

"Ndiyo, Ndugu Afisa. Ni mmoja."

Mwisho akasema amri haibadiliki, kila mahali nisome nilichokisikia kwenye hesabu. Nikaitikia. Nilitoka nje nikiwa sina wazo lolote, na hilo si kawaida yangu.

Siku ya kura tulikuwa kijijini kwa Mwita, tukaegesha gari mbali na shule, ila spika zilikuwa zinaonekana. Foleni ikawa haisogei, kila anayekaribia mlango anageuka kutazama juu ya gari letu. Mzee Odera akapanda, akazivalisha zile spika magunia mawili ya mahindi, akayafunga kamba shingoni. Foleni ikasogea. Yule mzee wa mdomo na masikio jirani ndiye pekee ambaye hakuridhika. Alisema yeye anavaa kofia mpaka masikioni na bado anamsikia mke wake. Lakini akapiga kura.

Hesabu ilifanyika bomani kesho yake mchana. Masanduku yalifunguliwa moja baada ya jingine, karani akawa anataja kijiji kwa sauti, jembe ngapi, nyumba ngapi, na sisi wa matangazo tumekaa tunaandika. Nilikuwa na furaha na homa kwa pamoja. Vijiji vikawa vinakuja: cha kwanza, cha pili, wilaya nzima inapita mbele yangu kama gwaride. Kisha nikaona wanalibeba sanduku lile. Karani akakohoa.

Nikasimama. Nikasema rejeta ya gari inavuja, naenda kuteka maji. Watu wakanishangaa, maana gari lilikuwa limezimwa tangu asubuhi. Mzee Odera alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia imemfunika macho, nikampita. Nikaenda mpaka bombani, nikafungulia maji kwa nguvu yote, na juu ya hapo nikaimba wimbo wa kanisani beti zote na kiitikio, mpaka askari akaja kuniuliza nimefiwa na nani. Nilirudi nikiwa nimelowa, karani yuko kijiji kingine kabisa. Nikaomba nipewe jumla ya kata tu, nikaiandika. Ningesoma nilichokisikia.

Bwana Nyumba alishinda.

Tulipofika kwa Mwita siku ya kusoma, tulikuta uwanja wa shule umejaa. Wanaume wamesimama, wanawake wamekaa chini, na mbele kabisa amekaa bibi mmoja na kiko chake, Bibi Robi, mama yake Mwita na mama mkwe wa Bhoke. Bhoke mwenyewe alikuwa nyuma, pembe ya khanga mdomoni. Nikatangaza ushindi, mlima ukaurudisha, vigelegele vikapanda. Nikasoma jumla ya kata. Wakashangilia tena. Nikafunga leso kwenye kipaza sauti kama mtu aliyemaliza kazi.

Mwita akainua mkono, uwanja ukatulia.

"Sasa letu," akasema.

Nikamwambia la kwao sinalo. Akaniuliza kwa utaratibu kama si mimi niliyewaahidi. Nikakiri ni mimi. Akauliza vijiji vingine vimesomewa? Nikakiri vimesomewa. Basi nyuma mtu mmoja akasema hili gari ni la jembe, sisi tulisema tangu matope. Wenzake wakaitikia, wakaanza kusogea. Nikasikia mkono wa mtu unapiga mlango wa kulia, pale pale penye jembe, taratibu, kama anayepiga hodi. Mzee Odera alikuwa ameshika ufunguo ila hakuugeuza. Mbele ya pua ya gari kulikuwa na akina mama na watoto, tungeenda wapi?

Nikafungua leso.

"Ndugu Balozi, mmeshinda. Sasa mnamtafuta nani?"

"Mmoja," Mwita akasema. "Mwenyewe anajijua."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Bhoke. Watu mia wasigeuke kwa pamoja, ninyi mnaielewa kelele yake. Yule mtoto wa mtoni alikuwa ameng'ang'ania khanga ya mama yake vile vile.

Ndipo Bibi Robi akazima kiko. Akainuka polepole, akaja mpaka mlangoni, akaninyooshea kiganja. Nikampa kipaza sauti. Akakigeuza, akakinusa, akakiweka umbali wa ngumi moja bila kufundishwa.

"Mwita," akasema, na mlima ukasema Mwita. Akaungoja umalize, kama anavyomngoja mtu mzima mwenzake. "Mimi nilizaliwa wapi?"

Wapi, mlima ukauliza.

Mwita akatazama viatu vyake. Bibi akasema amemuuliza mbele ya watu.

"Ng'ambo, mama."

"Nilivushwa mto huu na ng'ombe wa babu yako. Na huyu?" Akamwonyesha mwanamke aliyekaa karibu. Yule mwanamke akasimama, akasema ng'ambo. Wa pembeni yake akasimama bila kuulizwa, akasema ng'ambo. Mwingine akasema yeye ni wa Kerende, na huko nako jembe lilipendwa. Wakaendelea kusimama mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi, mpaka kwenye kile kijiji cha ukoo mmoja wakawa wamesimama wake wote, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa hapo. Ingekuwaje azaliwe hapo? Hawaoani wenyewe kwa wenyewe. Wanaume walilijua hilo tangu watahiriwe. Ila siku za kampeni walipokuwa wanahesabu kura zao walihesabu boma kwa boma, na boma lina jina la baba.

"Msomee, binti," Bibi Robi akaniambia. "Jembe likitoka, mwanangu aanze kuuliza kwangu. Akimaliza kwangu, amuulize mke wake."

Mke wa Mwita alikuwa anatazama mawingu kama anayengoja mvua.

Nilianza kusema tena kwamba sinalo, lakini nilichelewa. Wanaume walikuwa wanatazamana. Kila mmoja, naapa, alikuwa ameanza kumfikiria mama yake. Yule aliyekuwa anapiga mlango aliondoa mkono akauweka mfukoni. Mwita akasogea karibu na mama yake, akainama, akasema chini chini, la kumwambia yeye tu:

"Basi mama. Hesabu ya kata inatosha."

Lakini kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwa bibi. Spika zikalibeba neno, mlima ukalipokea, ukalirudisha kwa kijiji kizima. Inatosha. Halafu yule mzee wa kofia mpaka masikioni, kutoka nyuma kabisa, akasema, "Niliwaambia linasikia," na uwanja mzima ukaangua kicheko, hata Mwita. Bhoke aliiachia ile pembe ya khanga. Alimbeba mtoto aliyekuwa chini, akambusu kichwani, akaenda kukaa karibu na mama mkwe wake. Bibi akawasha kiko.

Ndugu Afisa nilimpa taarifa kwamba nilisoma nilichokisikia. Alizipanga tena kalamu zake mezani, akaniuliza kama rejeta imepona.

Lile daraja la mtoni ambalo wagombea wote wawili waliliahidi bado halijajengwa, na mvua kubwa ikija Bhoke hamwoni mama yake mpaka maji yapungue. Lakini wanawe wako naye. Mkubwa anasoma, na nikipita kwao ananiuliza kama nimeshapoteza kopo jingine. Nimewaza mara nyingi mle sandukuni kulikuwa na jembe ngapi. Labda hakuna hata moja. Labda yalijaa. Nawaza kisha nacheka, maana naweza kuuweka mwisho ninaoutaka, na kila siku nauweka tofauti.

Sasa wenzangu, hicho kinasa chenu nimekijaribu, ni kizuri, hakikohoi wala hakilowi. Ila kina kasoro moja. Hakijui kusimama katikati ya hesabu kikasema kinaenda kuteka maji. Hilo litabaki juu yenu. Mimi kule Robanda nina mpango wangu. Nimeomba spika moja kuukuu niifunge juu ya mti mrefu, jioni niwasomee watu habari, na alfajiri niwaambie pundamilia waondoke. Mama anasema nimekuwa mkubwa sasa niache ndoto. Nimemwambia hii si ndoto, mti nimeshauchagua.

Juzi walikuja kulivuta lile gari la zamani. Mzee Odera aliwaomba wangoje kidogo, akaleta ndoo yake. Zile alama hazikufutwa kamwe, zimefifia tu. Nikamfuata nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza miaka yote.

"Mzee, siku ile ya hesabu mimi nilitoka. Wewe ulibaki mle ndani. Ulisikia?"

Akafuta mlango wa jembe mpaka ukakauka. Akabeba ndoo, akazunguka, akafuta mlango wa nyumba, kwa muda ule ule. Kisha akakamua kitambaa.

"Siku ile, nyathina," akasema, "masikio yangu yalikuwa ndani ya gunia."